Bao lina mashimo 32, na ndani yake kuna 4,294,967,295

Mikindani, mji wa pwani mkoani Mtwara, baada ya swala ya alasiri, bao huwa halikosi watu. Hilo ninalolizungumzia kingo zake zimelainika kwa viganja vya wachezaji, na kete zake ni komwe za ufukweni, ngumu, za kijivu, zinazolia kama kokoto zikimwagwa. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amekaa pembeni akisubiri wazee wamalize mchezo. Walipomaliza, akaliomba bao kwa dakika chache.

"Babu, nikiweka korosho moja shimo la kwanza, mbili shimo la pili, nne la tatu, niendelee kuzidisha mara mbili hadi shimo la mwisho, nitahitaji korosho ngapi?"

Mzee aliyeulizwa analima mikorosho tangu ujana wake. Akalitazama bao, mistari minne, kila mstari mashimo manane. "Mjukuu wangu, tafuta magunia mawili." Mwenzake akaongeza: "Chukua kumi, usije ukapungukiwa."

Zinahitajika korosho 4,294,967,295. Isome taratibu: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na sitini na saba elfu, mia mbili tisini na tano.

Namba hii naipenda kuliko nyingi ninazozijua. Ukubwa peke yake si sababu, maana namba kubwa zipo bila kikomo. Ninachokipenda ni kwamba umbo la bao lenyewe, mistari minne ya mashimo manane, linakuonyesha imejengwa vipi. Ukiweza kulikata bao nusu kwa macho, unaweza kuifahamu namba hii hadi ndani.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio uliozua ubishi pale barazani. Nilipima kilo moja ya korosho ghafi nikazihesabu: zilipungua 200 kidogo tu. Tuchukue 200. Mstari wa kwanza wote una korosho 255, yaani kilo moja na robo hivi, zinabebeka kwenye mfuko wa plastiki. Hadi hapo wazee walikuwa na haki ya kutabasamu. Lakini shimo la 16, la mwisho kwenye mstari wa pili, linataka korosho 32,768, nazo ni kilo 164: magunia mawili ya kilo 80 na ziada. Shimo moja tu limeshameza makisio ya babu wa kwanza. Shimo la 24 linataka tani 42. Shimo la 32 peke yake linataka korosho 2,147,483,648, tani 10,737.

Jumla ya bao zima ni tani 21,475 hivi. Ukizipakia kwenye malori ya tani 30 utahitaji malori 716. Msimu wa 2017/2018 Tanzania nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kwa hiyo bao moja lingemeza karibu sehemu moja ya kumi na nne ya mavuno yale. Na hapa kuna kitu kilichonishangaza nilipogawa kwa magunia. Nilipata gunia 268,435.456. Ondoa alama za kutenganisha tarakimu uisome moja kwa moja: 268435456. Hiyo ndiyo idadi ya korosho za shimo la 29! Sababu yake ni kwamba gunia la kilo 80, kwa korosho 200 kila kilo, lina korosho 16,000, na 16 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nne. Jumla ya bao inapungua kwa moja tu kufikia shimo la 33, kama lingekuwepo, na ukigawa kwa 16 unarudi nyuma mashimo manne tu, hadi la 29. Elfu inayobaki inasogeza nukta.

Kama ungezihesabu moja moja, korosho moja kwa sekunde, usiku na mchana bila kulala, ungetumia miaka 136. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895. Mtu ambaye angeanza kuhesabu mwaka ule angemaliza 2031.

Sasa, kwa nini namba inaishia na 295 na si 296? Mpwa wangu alilikuta jambo hili akijumlisha kwenye daftari: 1, kisha 3, kisha 7, kisha 15, kisha 31. Kila jumla inapungua kwa moja tu kufikia shimo linalofuata. Ukitaka kuona sababu, chukua korosho moja ya ziada uitie kwenye shimo la kwanza. Sasa humo mna mbili. Zichote zote mbili uzitie shimo la pili, ambalo lilikuwa na mbili, zinakuwa nne. Zichote nne, zitie la tatu, zinakuwa nane. Unakwenda hivyo ukiacha mashimo matupu nyuma yako, mpaka unafika shimo la 32 ukiwa na mzigo unaolingana kabisa na uliomo, na vyote vinahamia shimo la 33 ambalo halipo. Shimo hilo la kufikirika lingekuwa na 4,294,967,296. Rudisha ile moja uliyoazima, unabaki na 4,294,967,295. Yeyote anayecheza bao ataielewa hesabu hii kwa mkono kabla ya kuielewa kwa kalamu.

Na hapa ndipo pa kulikata bao.

Lipasue katikati: mistari miwili ya kwanza huku, miwili ya pili kule. Linganisha shimo kwa shimo. Shimo la 17 lina 65,536 wakati la kwanza lina 1. La 18 lina mara 65,536 ya la pili. Ni hivyo hivyo hadi mwisho: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyozidishwa kwa 65,536. Kwa hiyo bao zima ni nusu ya kwanza mara 65,537, ile moja ikiwa ni nusu ya kwanza yenyewe.

Nusu ya kwanza nayo ina mistari miwili. Mstari wa pili ni wa kwanza mara 256, kwa hiyo nusu nzima ni mstari mmoja mara 257. Ukate mstari mmoja, mashimo manne na manne: unapata mashimo manne mara 17. Kata tena: mashimo mawili mara 5. Kata tena: shimo moja mara 3. Na shimo moja lina korosho moja, hakuna cha kukata tena. Tumemaliza:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Hakiki kwa kikokotoo cha simu, nakusihi, maana furaha ya jambo hili iko kwenye kuliona mwenyewe. Zote tano ni namba tasa, yaani hakuna namba inayozigawa bila baki isipokuwa 1 na zenyewe. Tumepata vigawo vyote vya namba ya bilioni nne bila kubahatisha hata kimoja, kwa kukata bao mara tano.

Namba hizi tano zina historia. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa akifanya hesabu kwa mapenzi yake, alizitazama: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja inapatikana kwa kuchukua iliyotangulia, kutoa moja, kuzidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha kuongeza moja. Zote tasa. Akaamini kwamba mlolongo utaendelea kutoa namba tasa daima, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata ni 4,294,967,297. Iangalie vizuri: ni namba yetu ya bao ukiongeza mbili.

Kwa karibu miaka mia hakuna aliyeweza kusema kama ni tasa au la. Kuijaribu kwa kugawa moja moja ni kazi ya kuchosha, na vikokotoo havikuwepo. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akatangaza kwamba inagawanyika:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Baadaye alieleza njia aliyopitia. Alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba ile lazima, ukikitoa moja, kigawanyike kwa 64. Kwa maneno mengine kitafutwe miongoni mwa 65, 129, 193, 257 na kuendelea, kwa hatua za 64. Ukiziacha zile zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu likafungua mlango. (Na 64, kwa wasiocheza, ndiyo idadi ya kete za bao, 32 kwa kila mchezaji.) Tangu hapo, kila namba ya mlolongo huu iliyofanyiwa uchunguzi na kujulikana hali yake, baada ya zile tano za mwanzo, imeonekana si tasa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba zile tano ndizo za mwisho. Zimebaki tano, na namba ya bao inazibeba zote, kila moja mara moja.

Watu wengi wanaijua hadithi ya sataranji ya Uhindi, ya mtu aliyeomba punje moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, hadi mraba wa 64. Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Ni sawa na kuweka bao la pili mbele ya la kwanza, na sasa unajua la kufanya: bao la pili ni la kwanza mara 4,294,967,296, kwa hiyo jumla ya sataranji ni namba ya bao mara 4,294,967,297, ile ile iliyomshinda Fermat.

Sehemu ambayo mimi huirudia kila nikipata msikilizaji ni ya bikari.

Fundi seremala akitaka kuchora umbo la pande sita zilizo sawa juu ya ubao, hapimi nyuzi. Anachora duara, anaacha bikari kwa upana ule ule, anatembea nayo kwenye mzingo, na hatua ya sita inamrudisha alipoanzia. Akiruka alama moja moja anapata pembetatu. Mraba ni rahisi, na umbo la pande tano liliwezekana tangu enzi za Wagiriki wa kale. Lakini umbo la pande saba, kwa bikari na rula isiyo na vipimo, lilikuwa limeshindikana, na la pande 17 hakuna aliyelifikiria kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Ilipofika mwezi Machi 1796, Carl Friedrich Gauss, Mjerumani ambaye hajatimiza hata miaka 19, akagundua kwamba la pande 17 linachoreka.

Siri ni hii. Kila hatua ya bikari na rula, ukiigeuza kuwa hesabu, haipiti kutafuta kipeuo cha pili. Chombo kinajua kazi ya mbili, na mbili juu ya mbili, basi. Kwa umbo lenye pande ambazo ni namba tasa, kinachoamua ni namba hiyo ukiitoa moja. Kumi na saba kasoro moja ni 16: mbili mara mbili mara mbili mara mbili, bikari inapita hatua kwa hatua. Saba kasoro moja ni 6, na ndani ya 6 kuna 3. Hapo bikari inakwama. Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba inakwama kweli, na si kwamba watu hawajajaribu vya kutosha. Namba tasa zinazopita ni zile za Fermat, na ukitaka kuchanganya unaruhusiwa kutumia kila moja mara moja tu, ndiyo maana umbo la pande 9, yaani 3 mara 3, nalo halichoreki.

Kwa hiyo, katika maumbo yenye idadi witiri ya pande, lenye pande nyingi zaidi linalojulikana kuchoreka kwa bikari na rula ni lile linalotumia namba zote tano kwa pamoja: umbo la pande 4,294,967,295. Namba ya bao. Hakuna atakayelichora. Johann Gustav Hermes alitumia miaka kumi kwa umbo la pande 65,537 peke yake, akakamilisha mwaka 1894, na karatasi zake zikahifadhiwa Göttingen. Hili letu, hata ukilizungusha dunia nzima kwenye ikweta, kila upande ungekuwa na urefu usiofika sentimita moja. Macho yangeona duara tu. Lakini tunajua kwa hakika kwamba njia ya kulichora ipo.

Kuna kitu kingine hapo hapo. Hesabu namba zote kuanzia 1 hadi 4,294,967,295 ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1. Utapata 2,147,483,648 kamili, na hizo ni korosho za shimo la 32.

Kompyuta imeifikia namba hii kwa njia nyingine. Badala ya kujaza korosho nyingi kwenye shimo, chukulia kila shimo lina kete moja au halina kitu. Shimo lenye kete lihesabu kwa thamani yake, 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Tupu lihesabu sifuri. Kwa mashimo 32 unaweza kuandika namba yoyote kuanzia 0, bao tupu, hadi 4,294,967,295, bao lililojaa kote. Ndivyo kompyuta nyingi zilivyotunza namba kwa miaka mingi, na ndivyo zilivyopangwa anwani za intaneti mwaka 1981. Ukifungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu utakuta kitu kama 192.168.1.1. Sehemu nne, kama mistari minne ya bao, na kila sehemu ina mashimo manane. Kwa kila mstari ukianza upya na 1 hadi 128, hiyo 192 ni kete kwenye shimo la nane na la saba. 168 ni kete kwenye la nane, la sita na la nne. 1 na 1 ni kete moja moja shimo la kwanza. Kete saba zinatosha kuandika anwani nzima. Na bao lililojaa linasomeka 255.255.255.255. Nafasi bilioni nne na kidogo zilionekana nyingi kupita kiasi mwaka 1981. Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kanda mbalimbali.

Saa za kompyuta nyingi nazo zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zile zinazotumia mashimo 31 kwa hesabu na moja kwa alama ya hasi zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Mtwara. Zinazotumia mashimo yote 32 zitajaa tarehe 7 Februari 2106, saa 3 na dakika 28 asubuhi. Wahandisi wengi wameshahamia kwenye mashimo 64, yaani sataranji nzima.

Nirudi barazani. Jioni ya pili mpwa wangu alikuja na chaki. Nilikuwa nimemweleza kwamba namba hii ina vigawo 32 kamili, kwa kuwa kila moja ya zile namba tano unaweza kuichagua au kuiacha, na mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 32. Akaviandika pembeni mwa mashimo kwa mpangilio, kidogo kwenda kikubwa. Mstari wa kwanza: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255. Wa pili unaanza na 257, unaishia 65,535. Wa nne unaishia na namba yenyewe. Akagundua kwamba mwisho wa mstari wa kwanza, 255, ndiyo jumla ya korosho za mstari ule. Mwisho wa mstari wa pili, 65,535, ndiyo jumla ya mistari miwili. Mwisho wa nne, jumla ya yote. Kisha akakunja uso.

"Mjomba, huu wa tatu umekataa. Kigawo cha mwisho ni 16,711,935, lakini korosho za mistari mitatu ni 16,777,215."

Nilimwambia aikate mistari mitatu katikati kama tulivyokata bao. Akajaribu kwa kidole, mstari mmoja na nusu huku, mmoja na nusu kule. Akakata tena, mashimo sita na sita. Tena, matatu na matatu. Kidole kikasimama juu ya shimo la katikati ya matatu, hakina pa kukata.

"Hesabu korosho za hayo matatu ya mwanzo," nikamwambia.

"Moja, mbili, nne." Akanyamaza kidogo. "Saba. Ile ya bikari."